Bega Lililomsitiri Kiwiko

Taoriba alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Biribo, na katika umri wangu huu sijaona mtu aliyecheka kama yeye. Alicheka akipara samaki. Alicheka kanisani padri akikohoa. Siku ya kuzaa mtoto wake wa kwanza alicheka katikati ya uchungu mpaka mkunga akamwambia, "Mama, chagua moja."

Lakini ukimweka kwenye safu ya ngoma, uso wake ulijifunga kama sanduku la nguo. Kwetu mchezaji hatabasamu. Ngoma yetu ya kusimama ni ya mikono iliyotandazwa kama mabawa ya yule ndege mkubwa mweusi wa baharini, shingo inayokatika ghafla kulia na kushoto, vidole vinavyotetemeka, na uso usiosema kitu. Ukionyesha meno umejivunjia heshima, wewe na waliokuzaa. Wageni kutoka visiwa vingine hudhani tumekasirika. Hatujakasirika. Tunafanya kazi.

Mwalimu wetu alikuwa Ten Kauongo (kwetu Ten ni bwana, Nei ni bibi), mzee mwembamba aliyekuwa pia mchonga ngalawa, na alitufundisha kama mtu anayechonga. Hakuanza na wimbo. Alianza na viungo, kimoja kimoja. Siku ya shingo ilikuwa ya shingo tu, mikono unaikalia. Siku ya vifundo vya mikono, unalala chali na kiganja kinapanda na kushuka, kinakwenda upande wa kidole gumba, kinarudi upande wa kidole cha mwisho, mpaka mama yako akuulize kama umeshikwa na homa.

"Kila kiungo kina ruhusa yake," alikuwa akisema. "Goti na kiwiko ni kama kifuniko cha sanduku, kinafunguka, kinafungwa, basi. Usikiombe zaidi, kitakuvunjikia. Shingo inageuka kama bundi. Kigasha kinajipindua, kiganja kikatazama juu, kikatazama chini, na kiwiko hakijui habari. Lakini bega ni mkubwa wa nyumba. Bega linapeleka mkono mbele, linaurudisha nyuma, linauinua mbali na mbavu, linauleta karibu, linauzungusha wote kama kamba ya ndoo. Anayecheza kwa mkono ni mwanafunzi. Anayecheza kwa bega ni mchezaji."

Mimi niliishia darasa la sita kwa masista, lakini maneno ya Kauongo ninayo yote kichwani, na jina la kila mtu aliyewahi kusimama kwenye safu yake ninalo, pamoja na makosa yake.

Mwaka tulipomaliza kujenga maneaba mpya hapa Tabontaai, maana nyumba ya mkutano ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka paa likapiga magoti, Kauongo alitunga wimbo wa kuifungua. Wageni wa heshima wangekuwa watu wa Teririo, kijiji cha ncha ya kusini. Watu wa Teririo wanajua ngoma, sitawadhulumu, lakini wanajua pia kwamba wanajua. Na walikuwa na Nei Teangatoa.

Huyo alikuwa bibi kizee mwenye macho ya mwewe na ulimi wa pweza, ukinata hautoki. Zamani, nilipokuwa msichana, aliitazama safu yetu mpaka mwisho, mikono yetu imetandazwa kama nguo kwenye kamba, akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Nguo zao zimekauka, waanue." Miaka ilipita, watoto wetu wakaoa, na bado mtu wa Tabontaai akienda Teririo kununua kamba huulizwa kama nguo zimekauka.

Kwa hiyo safu ya mwaka ule haikuwa safu ya mchezo. Na Taoriba alipewa nafasi mbele. Alitoa sandukuni mkanda wa mama yake, uliosukwa kwa nywele za marehemu mwenyewe, ambao mtu hauvai ila akicheza. Mama yake alikufa akiwa hajawahi kuona binti yake mbele. Taoriba aliwekwa nyuma siku zote, kwa sababu ya urefu wake.

"Safari hii ataniona," aliniambia akiupaka mkanda mafuta ya nazi. "Wifi, safari hii hata niwe na kichwa cha samaki, nitasimama mbele."

Hakuwa na kichwa cha samaki. Alianguka shimoni.

Babai zetu, yale magimbi makubwa ya majini, zinalimwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mpaka kwenye maji, na ukingo wa shimo la Biribo ulikuwa umelegea tangu enzi za baba. Taoriba alikwenda kuzitilia mboji, kaka yangu akamwambia neno la mzaha, yeye akacheka, ukingo ukaondoka. Alishuka ubavu ubavu akashukia mkono wa kushoto. Biribo alidhani amekufa, kwa sababu palikuwa kimya. Halafu akasikia tope likicheka.

Nesi wa zahanati, Makurita, aliukuta mkono umevimba kama tikiti. Akaufunga, akauning'iniza shingoni, akasema usiguswe. Ulipofunguliwa, mfupa ulikuwa umepona lakini kiwiko kilikuwa kimefanya uamuzi wake. Kilikunjika vizuri kabisa. Kunyoosha, kilifika mahali kikagoma. Ukimwambia tandaza mikono, wa kulia ulikwenda kama upondo, wa kushoto ukapanda juu kidogo mwishoni, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani.

"Utaendelea kunyooka polepole," Makurita alimwambia.

"Polepole ya lini, mwanangu?"

"Labda mwaka ujao. Labda usinyooke wote. Unapika? Unafua? Basi mkono umepona."

"Mkono wa kufulia umepona," Taoriba akasema. "Mimi nauliza ule mwingine."

Kauongo alikuwa na desturi yake moja isiyo na msamaha. Kabla ya siku ya ngoma, alisimama mwisho wa safu, akafumba jicho moja, akaitazama mikono yote kama anavyoutazama mkuku wa ngalawa. Kilichotokeza kilichongwa. Na mtu aliyetolewa kwenye safu hakurudi. Nafasi yake alipewa mwingine, yeye akaimba na wazee nyuma. Taoriba alijua hivyo. Sote tulijua.

Basi mkono ule uliteswa. Biribo, ambaye alijiona mwenye hatia ya ule mzaha wake, alimfungia ndoo ya maji kiganjani awe anatembea nayo. Alimkanda kwa mafuta moto asubuhi kabla ya kupanda kugema tembo, na jioni aliposhuka. Alimlaza mkono juu ya kafi, akaufunga kwa kitambaa, wakala chakula hivyo, yeye akimlisha mkewe wali na samaki kama kifaranga.

"Usiponyooka," alimwambia, "nitautundikia taa."

"Utundikie. Angalau nitakuwa mbele ya kitu."

Hapo nilijua ameanza kukata tamaa, kwa sababu alilisema hilo bila kucheka.

Jioni moja tulikuwa tumekaa nje tukilainisha majani ya mkadi ya kusukia mikeka. Mkeka mmoja mkubwa ulikuwa umetundikwa kwenye kamba, na jua lilikuwa chini nyuma yetu, likautupia vivuli vyetu. Taoriba aliinuka, akasimama mbele ya mkeka akatandaza mikono. Kivuli kikatandaza mikono, wa kulia upondo, wa kushoto swali.

"Mwangalie huyo," akasema. "Hata kivuli kimevunjika."

"Bonde la kiwiko, hapo mkono unapokunjika, umelitazamisha juu," nilimwambia. "Ndiyo maana mkono unapanda. Ungelitazamisha mbele..."

"Hapo mkono utakwenda mbele."

"Ndiyo, lakini kivuli hakioni mbele."

Alinitazama. Halafu, bila kugusa kiwiko, akalizungusha bega. Mkono wote wa juu ukajipindua kuelekea ndani, bonde la kiwiko likaacha kutazama mawinguni likatazama baharini. Pale pale kwenye mkeka kivuli cha mkono kikashuka, kikalala, kikanyooka kama wa kulia. Kilikuwa kifupi kidogo tu. Kiganja kilikuwa kimetazama nyuma, akakipindua kwa kigasha kikatazama chini. Tuliangalia mkeka kama watu wanaoangalia nyavu zikitingishika.

"Wifi," akasema polepole, "bega limemsitiri kiwiko."

Halafu akacheka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Ilibaki kumwambia Kauongo. Mtu wa mbele angeona mkono ulionyooka. Lakini aliyekaa ubavuni angeona kiganja kimejitokeza mbele ya safu kama tawi, na jicho la Kauongo lilikuwa linakaa ubavuni. Taoriba hakumficha. Alikwenda kwake penye magogo, akatandaza mikono.

Mzee akamtazama kwa mbele. Akamzunguka, akamtazama kwa ubavu. Akarudi mbele. Akachukua tezo lake akachonga kidogo, kama kawaida yake akifikiri.

"Nani amekufundisha hili?"

"Wewe. Ulisema bega ni mkubwa wa nyumba."

"Sikusema mkubwa wa nyumba afiche wezi." Akachonga tena. "Teririo watakaa wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na ujanja wote, na hapo ndipo tulipokosea. Ndani ya maneaba mtu hakai anapotaka. Kila ukoo una kikao chake chini ya boriti yake, tangu kabla ya babu wa babu, na hata jengo likiwa jipya vikao ni vya zamani. Wageni wa heshima tulikuwa tumewapangia upande wa bahari ya ndani, ile tulivu iliyozungukwa na kisiwa, uso kwa uso na wachezaji. Upande wa kushoto kwetu, karibu na mwisho wa safu, palikuwa na kikao cha ukoo aliozaliwa Taoriba mwenyewe. Ukoo ule ulikuwa umekwisha karibu wote; walibaki wazee wawili, mmoja haoni, mwingine akikaa tu anasinzia.

"Mwisho wa safu, kushoto," Kauongo akaamua. "Mbele, lakini mwisho. Asiyeona hataona, na anayesinzia tusimwamshe."

Aliporudi kunihadithia, Taoriba alikuwa amechuchumaa kwa kicheko, akimwiga mzee akichonga hewa.

Siku ikafika. Tulikuwa tumejipaka mafuta, mashada kichwani, sketi za majani zikinong'ona tukipumua. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho, bega kwa bega na wifi yangu, na mkanda wa mama yake ulikuwa kiunoni mwake. Watu wa Teririo waliingia, wakakaribishwa upande wa bahari ya ndani, wakakaa mmoja mmoja kwa madaha yao. Wote isipokuwa mmoja.

Nei Teangatoa alisimama katikati ya sakafu ya changarawe nyeupe, amejifunga kitambaa cha maua mekundu, akaviangalia vikao kama mtu anayetafuta kiatu.

"Bibi, karibu hapa, mkeka ni huu," mzee wetu mmoja akamwambia.

"Mkeka nimeuona. Baba yangu alikuwa akikaa wapi?"

Mzee wetu akaupangusa mkeka tena.

"Baba yangu hakuzaliwa Teririo. Alioa Teririo. Alizaliwa hapa, na alikaa pale." Akanyoosha kidole. Mkono wake wa kizee ulinyooka bila taabu yoyote, nililiona hilo. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha wazee wawili. "Ninyi watu, mmejenga maneaba mmesahau walio ndani?"

Tulikuwa tumesahau. Na nani angekumbuka? Mtu aliyetutukana maisha yake yote, nani angewaza kwamba ni wa kwetu? Akajikokota mpaka kushoto, akamsogeza kwa nyonga yule anayesinzia, akakaa, akafungua macho yake ya mwewe. Kati yake na kiwiko cha Taoriba palikuwa na nafasi ya kulaza mkeka mmoja.

Nilimsikia wifi yangu akivuta pumzi.

"Nitoke?" alininong'oneza bila kusogeza midomo.

"Mkanda umeshauvaa," nilimjibu.

Wanaume walilipiga sanduku la mbao ambalo ndilo ngoma yetu, sauti ya kwanza ikapanda, na mikono ikafunguka.

Wimbo ulikuwa wa ndege anayeondoka juu ya mawimbi akitafuta kisiwa. Mwanzo wake ni taratibu. Bega linainuka, kiwiko kinakunjika kidogo kinafunguka, kifundo kinashuka. Halafu shingo, kulia. Halafu shingo, kushoto. Na kila shingo ilipokatika kushoto, Taoriba alikuwa anatazamana na Nei Teangatoa. Mimi niliyekuwa nyuma ya sikio lake nilikuwa namwona pia yule bibi. Hakuwa anautazama uso wa mtu. Alikuwa anautazama mkono. Aliinamisha kichwa akautazama kwa chini. Akajiegemeza nyuma akautazama kwa mbali. Alikuwa ameshaona kila kitu.

Wimbo ulipopanda, na sanduku likaanza kulia kwa haraka, watu wakaanza kupagawa kama ilivyo kwetu. Wanawake wanapiga kelele, mtu anakimbia na chupa ya manukato anawapulizia wachezaji, mwingine anamwaga poda shingoni mwa mpwa wake. Katikati ya hayo Nei Teangatoa akainuka. Alikuwa na mkebe wa poda. Alivuka ile nafasi ya mkeka mmoja bila haraka, akasimama ubavuni kwa Taoriba, akamwaga poda. Si shingoni, si kifuani. Kwenye kiwiko. Aliipaka vizuri, juu na chini, mpaka kiwiko kikang'aa cheupe kama yai mbele ya kijiji kizima.

Sasa hata aliyekuwa haoni akaona. Watu wa Teririo waliinua shingo. Mwanamke mmoja wao, mpana, akasema kwa sauti, "Kumbe ule mkono umepin..."

"Umefanya nini?" Nei Teangatoa aligeuka bila kuondoa kiganja kwenye kiwiko. "Malizia, mwanangu. Mkono huu ni wa kikao cha baba yangu. Anayeucheka ananicheka mimi. Haya, nani anacheka?"

Hakuna aliyecheka. Ulimi waliokuwa wakituogopeshea, wenyewe waliuogopa kuliko sisi. Sanduku likaendelea kulia, ndege akaendelea kuruka. Halafu yule bibi akasogea karibu na sikio la Taoriba, na maneno haya niliyasikia mimi na mwimbaji aliyekuwa nyuma yetu, basi.

"Na wewe usicheke," alimwambia. "Ukicheka nami nitacheka, na meno nimeyaacha nyumbani."

Mnamjua wifi yangu. Mtu aliyecheka akishuka shimoni. Niliona ngozi ya shavu lake ikitetemeka kama maji samaki akipita chini. Niliona mshipa wa shingo ukisimama. Bega likashika, likamshikilia kiwiko, shingo ikakatika kulia, na uso ukabaki umefungwa kama sanduku. Aliyepasuka alikuwa mwimbaji nyuma yetu. Alikuwa Ten Kauongo mwenyewe, mwalimu wa nyuso, na ilibidi akigeuze kicheko kuwa kikohozi.

Wimbo ulipokwisha na wageni wakaanza kusifia kwa adabu zao, Nei Teangatoa alipiga mkeka kwa kiganja. "Wewe wa kiwiko. Njoo ukae kwenu."

Taoriba akaenda akakaa kwenye kikao cha ukoo wake, kati ya yule bibi na yule anayesinzia, ambaye alikuwa amelala wimbo wote. Mimi nilipeleka babai iliyopondwa na nazi, nikajifanya nina kazi ya kuipanga, nisikie. Bibi alikuwa ameushika ule mkono mapajani kama mtu anayepima samaki.

"Kunja. Nyoosha. Hapo ndipo mwisho? Mm. Zungusha bega. Polepole. Mm." Alilifuata bega kwa vidole mpaka kwenye bapa la mgongo. "Bega hili lina akili. Nani alikufundisha?"

"Ten Kauongo, bibi. Na kivuli."

"Kauongo nimemsikia akikohoa." Akaurudisha mkono pajani pa mwenyewe kama kitu alichoazima. "Mkono sina neno nao. Lakini shingo yako ilichelewa. Ubeti wa tatu, ndege anapogeuka. Wenzako walishafika, wewe bado uko njiani. Uzembe. Mtu wa kikao hiki hachelewi."

Taoriba aliinamisha kichwa kwa heshima. "Ndiyo, bibi."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa njia ya mikadi, Biribo amebeba mashada, nilidhani Taoriba ataongea juu ya poda, au juu ya mama yake na mkanda. Alitembea akikunja kiwiko na kukinyoosha mpaka pale kinapogomea.

"Wifi, umesikia?" akasema mwishoni. "Amenikosoa shingo."

"Nimesikia. Alikutukana."

"Shingo," akarudia. "Hakukosoa mkono. Amenikosoa kama mtu mzima." Na hapo kicheko alichokuwa amekifungia tangu mchana kikatoka chote, akalazimika kushika mti.

Tangu siku ile mtu wa Tabontaai akienda Teririo hakuna aliyemuuliza habari za nguo. Taoriba alicheza mbele miaka mingi baada ya hapo, mwisho wa safu, kushoto. Kiwiko hakikunyooka. Lakini asubuhi ukipita kwake ungemkuta amechuchumaa jikoni, sufuria ya wali inatokota, yeye shingo kulia, shingo kushoto, akijihesabia ubeti wa tatu kwa kijiko cha mbao, na Biribo akimwambia wali unaungua.